Daftari la Hisabati kizimbani

Kosa lenyewe sitalisimulia kwa urefu, halina utamu. Ijumaa, sendofu ya shemeji yangu kule Sinza, saa 6 usiku nikajiona niko sawa kuendesha mpaka Tegeta. Nilipokaribia taa za Bamaga trafiki mmoja akaninyooshea mkono. Kijana mdogo kabisa, wa kuzaliwa nyuma yangu mara tatu. Nikamwamkia, "Shikamoo afande." Hapo tayari nilikuwa nimeshajiandikia nusu ya maelezo. Akaomba leseni, nikampa kadi ya bima ya afya, kwa mikono miwili. Akaisoma pande zote, akanirudishia. "Hii itunze, mzee. Kwa mwendo wako utaihitaji."

Nikapuliza. Kidude kikaandika 112. Sisi wa magari binafsi mwisho wetu ni miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu, kwa hiyo nilikuwa nimezidisha 32, na usiku ule nilijaribu kumweleza afande kwamba 32 si nyingi. Kwenye maelezo nikaandikisha kwamba nilikunywa bia mbili tu. Kila mtu huandikisha mbili. Nadhani hakuna dereva aliyewahi kuandikisha tatu tangu magari yaletwe nchini.

Dhamana nilipata, barua ya serikali ya mtaa nikaletewa (na mtaa mzima ukajua), kesi ikapangwa. Dada mmoja tunayesali naye ni wakili wa kujitegemea. Alinisikiliza dakika tano bure, akasema, "Kaka, kiri kosa, omba upunguziwe adhabu, rudi nyumbani." Ushauri mzuri, mfupi, na kwa sababu sikuulipia nikauona hauna thamani.

Nikaenda kwa Ibara.

Ibara si jina lake. Ni mtu wa kijiwe chetu cha kahawa, amepewa jina hilo kwa sababu kila ugomvi, hata wa bao, anaumaliza kwa Katiba. Akasikiliza kisa changu, akaweka kikombe chini taratibu. "Ibara ya 13, ibara ndogo ya 6. Wewe hapo ulipo huna hatia mpaka wathibitishe. Na wathibitishe pasipo kuacha shaka. Kazi yako wewe ni moja tu, ndugu yangu: leta shaka."

Shaka yake ilikuwa dawa ya kusukutua mdomo. Kwamba zile dawa nyingine zina kilevi, ukisukutua kisha ukapuliza, kidude kinapagawa. Akanishauri pia nizungumze Kiingereza mahakamani, kwa kuwa kinaleta heshima. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo siku mbili, mkono mmoja kiunoni, mpaka mama watoto akauliza kama sijui kwamba tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili.

Kwa hiyo nikabaki na dawa ya kusukutua. Nikashuka Kariakoo, nikanunua kidude changu mwenyewe cha kupuliza kwa shilingi 60,000, muuzaji akaniapia kwamba hata Ulaya wanakitumia hicho hicho. Mama watoto ni mlokole, hajawahi kuonja hata togwa iliyolala. Akasukutua, akapuliza, kidude kikaruka mpaka 90! Niliruka na mimi. Nilishaiona haki ikitendeka. Mama watoto akakaa kochini, akasubiri robo saa, akapuliza tena. Sifuri.

"Haya," akasema. "Siku ile kwenye sendofu ulisukutua saa ngapi?"

Wanawake wengine walistahili kuwa waendesha mashtaka.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu mwenyewe, na naomba ieleweke kwamba Ibara hahusiki. Nikasema, kama vidude hivi ni vya kubahatisha, basi nivijaribu kitaalamu. Ninywe kwa ratiba, nipulize kwa ratiba, niandike. Halafu niweke utafiti mbele ya hakimu. Baba mdogo, ambaye alikuja kwetu wiki mbili kutibiwa goti na huu ulikuwa mwezi wa tatu, akajitolea kuwa shahidi. "Kwa ajili ya haki, mwanangu," akasema, "nitakunywa na mimi."

Tatizo lilikuwa siku. Tulikuwa tumeahirisha utafiti kila jioni kwa sababu hii na ile, hatimaye tukabaki na jioni moja tu. Kesi ilikuwa kesho yake saa 3 asubuhi.

Karatasi hazikuwepo nyumbani. Nikachukua daftari la Hisabati la mwanangu wa darasa la tatu, nikaligeuza, nikaanza nyuma.

Asubuhi niliamshwa na mama watoto akiwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Kichwa kilikuwa kinagonga kama fundi bati yuko ndani. Nikanywa supu ya kongoro bakuli mbili, kahawa, ndimu nzima na maganda yake, nikaoga mara mbili, nikasukutua na ile dawa iliyobaki. Baadaye sana yule dada wakili ndiye aliyenieleza kwamba ini lina mwendo wake. Chupa moja ya nusu lita linaimaliza kwa saa mbili hivi au zaidi, na supu haiwezi kuliharakisha. Kahawa inakupa mlevi aliye macho. Mimi nilikuwa na chupa sita, kuanzia saa 2 usiku. Piga hesabu mwenyewe, maana daftari halipo.

Gari niliiacha. Akili hiyo nilikuwa nayo.

Mahakamani nilikaa kwa ustaarabu, suti ya harusi, kwapani daftari. Trafiki akaitwa, akatoa ushahidi wake vizuri tu, na kadi ya bima ya afya akaitaja. Watu wakacheka. Hakimu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, akanigeukia. "Mshtakiwa, una maswali kwa shahidi?"

Nikasimama. Nikafungua daftari.

"Hilo ni nini?"

"Ni utafiti, mheshimiwa." Nilitamka kwa kujiamini kabisa.

"Ulete."

Karani akalipokea, na nilimwona akigeuza uso pembeni kidogo wakati ananyoosha mkono. Mheshimiwa akalifungua upande wa mbele. Akasoma. Akapandisha miwani.

"Saba mara nane, hamsini na nne," akasoma. "Huu nao ni utafiti?"

"Hapana mheshimiwa, huyo ni mtoto. Mimi naanzia nyuma."

Akageuza. Akasoma kimya muda mrefu, halafu akampa mwendesha mashtaka, na yule bwana, Mungu amsamehe, akaomba ruhusa ya kusoma kwa sauti ili mahakama ijiridhishe.

"Saa 2:00. Chupa ya kwanza. Kidude sifuri. Niko sawa."

"Saa 2:50. Chupa ya pili. Kidude 31. Nimetembea kwenye mstari wa vigae bila tatizo, ila nimemkanyaga paka."

"Saa 4:10. Chupa ya tatu. Kidude 74. Sheria iko upande wangu."

"Saa 5:10. Chupa ya nne. Kidude 96. Baba mdogo amelala, shahidi amebaki mmoja."

Hapo akatulia. Nikaona macho yake yanashuka mstari unaofuata, na nikaona tabasamu likimjia polepole.

"Saa 6:00. Chupa ya tano. Kidude 112. Kama siku ile ile! Kidude changu na cha afande vinakubaliana!!" "Alama za mshangao ni mbili, mheshimiwa." Akainua kichwa. "Na kwenye maelezo yake polisi, mshtakiwa aliandikisha chupa mbili."

Ukumbi mzima ukawa kimya. Mimi mwenyewe ndio kwanza nilikuwa naielewa ile hesabu.

"Endelea," hakimu akasema. "Kuna mstari wa mwisho."

"Huu mwandiko wake unapanda juu, mheshimiwa. 'Chupa ya sita. Baba mdogo ni mtu mzuri. Trafiki ni mtu mzuri. Hakimu simjui lakini naamini ni mtu mzuri. Tuwasamehe wote.'"

Yule trafiki alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Karani alikuwa amesogeza kiti chake hatua moja mbali na kizimba, na hakuwa anajificha tena.

"Mshtakiwa," hakimu akaniita. "Utafiti huu umeufanya lini?"

"Jana, mheshimiwa."

"Ukaumaliza saa ngapi?"

"Saa 7 usiku."

Akatazama saa ya ukutani. Na mimi nikaitazama. Nadhani kila mtu mle ndani aliitazama.

"Umekuja hapa kwa usafiri gani?"

"Daladala, mheshimiwa."

"Afadhali," akasema, akaandika kitu kirefu.

Nikaomba kubadili maelezo yangu. Nikakiri kosa, nikaomba nipunguziwe adhabu, maneno yale yale niliyopewa bure na yule dada. Faini nililipa, kiasi naomba kibaki kati yangu na mama watoto, ambaye anakitaja kila tukipita Bamaga. Kile kidude nilikirudisha Kariakoo nikidai ni kibovu. Muuzaji akaniuliza ubovu wake ni nini. Nikakosa la kusema.

Daftari lilibaki huko huko, kwenye jalada. Sikuwa na uso wa kulidai. Jumatatu mwanangu akarudi shule na barua, mwalimu anamtaka mzazi aeleze daftari la Hisabati liko wapi, na afike yeye mwenyewe, saa 3 asubuhi.