Kiapo kwa Mtawala Aliyegawanyika: Utii na Heshima katika Riwaya Tatu za Ann Leckie

Luteni Awn Elming yumo ndani ya hekalu la mji wa Ors, mji wa vinamasi katika sayari ya Shis'urna. Mbele yake wako raia waliokwisha kukamatwa, na kando yake amesimama Anaander Mianaai, Mtawala wa Radch, ambaye dola yake ina umri wa miaka 3,000. Amri inayotolewa ni fupi: wauawe. Awn anasita, kisha anatii. Wanaofyatua risasi ni askari wake wa One Esk, ambao kwa macho ni ishirini lakini kwa kweli ni akili moja ya meli ya kivita iliyoingizwa katika viwiliwili ishirini. Baadaye, wakiwa ndani ya meli hiyo, Awn anamwambia Mtawala usoni kwamba ni afadhali angekufa kuliko kutii amri ile. Mtawala anaamuru naye auawe, na One Esk, aliyempenda luteni huyo kuliko maafisa wote, anampiga risasi. Ni baada ya risasi hiyo ndipo anapogeuza bunduki na kumlenga Mtawala.

Tukio hili ndilo kiini cha riwaya tatu za mwandishi Mmarekani Ann Leckie: Ancillary Justice ya mwaka 2013, Ancillary Sword ya 2014 na Ancillary Mercy ya 2015. Ya kwanza ilizoa tuzo za Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa riwaya yoyote kabla yake. Wasomaji wengi wanazisifu riwaya hizi kwa namna zinavyotumia jinsia. Lugha ya Radch haitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mwandishi anamwita kila mhusika kwa kiwakilishi cha kike cha Kiingereza, na wasomaji wa lugha hiyo walishtuka. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushtuka, kwa kuwa kiwakilishi chetu “yeye” hakiulizi jinsia ya mtu, na kitenzi kikisema alitii au alikataa kinatuachia tendo peke yake. Kwa hiyo naweza kwenda moja kwa moja kwenye swali ambalo naona ndilo zito zaidi katika riwaya hizi: askari afanye nini pale utii kwa aliyemwapia unapodai avunje heshima yake? Heshima ninayoisema hapa si ile ya shikamoo na vyeo. Ni ile inayomwezesha mtu kuishi na nafsi yake baada ya yale aliyoyatenda.

Tuanze na upande wa utii, kwa sababu ndio unaoonewa kwa urahisi. Awn hakuzaliwa katika ukoo wenye jina. Amepata uafisa kwa sababu dola ilianza kufungua nafasi kwa watoto wa koo ndogo, na aliyeruhusu mlango huo ufunguliwe ni Mtawala yuleyule. Wakubwa wa koo za kale wanamtazama kama mtu asiyestahili sare aliyovaa. Utii wake, basi, haukujengwa kwa woga pekee. Umo ndani yake ukumbusho wa fadhila, na katika jamii nyingi, zikiwamo zetu, asiyekumbuka fadhila hahesabiwi kuwa mtu mwenye heshima. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba utii na heshima ni vitu viwili vilivyosimama pande mbili za mto. Kwa Awn vimeota kwenye shina moja.

Ipo pia hoja ya jeshi lenyewe. Askari mwenye silaha anayejichagulia amri za kutii ni hatari kwa raia kabla hajawa hatari kwa mtawala. Leo atakataa kuua wasio na hatia, nasi tutamshangilia. Kesho atakataa kurudi kambini baada ya kushindwa kwa chama anachokipenda. Nidhamu inayomzuia wa pili ndiyo hiyohiyo inayombana wa kwanza, na hakuna nchi iliyowahi kupata moja bila nyingine. Katika riwaya ya kwanza hoja ya namna hii inajitokeza pale Awn anapozungumza na rafiki yake Skaaiat Awer juu ya tukio la kituo cha Ime. Huko askari mmoja wa meli iitwayo Mercy of Sarrse alikataa amri ya kuua, akaongoza maasi, na akalipa kwa uhai wake. Awn anaona askari yule alifanya lililo sawa. Skaaiat hampingi juu ya uovu wa amri. Anachosema ni kwamba ukitaka kufanya wazimu wa namna hiyo, subiri siku ambayo utaleta tofauti. Hayo si maneno ya mwoga. Ni maneno ya mtu aliyepima na kuona kwamba kifo cha askari mmoja hakiwafufui waliokwisha kuuawa, na kwamba mahali pake atawekwa mwingine atakayetii.

Hata hivyo, hoja ya Skaaiat inafia ndani ya hekalu la Ors. Siku ya kuleta tofauti ilifika, na Awn, mtu mwema kuliko maafisa wote wa riwaya hiyo, hakuitambua mpaka ilipokwisha kupita. Hapa ndipo ninapoona Leckie ameandika kwa ukweli mkubwa. Anayejiwekea akiba ya ukaidi kwa ajili ya siku kubwa anajizoeza kutii katika siku zote ndogo, na siku kubwa inapofika inamkuta na mazoea hayo. Awn alikataa akiwa amechelewa, na kukataa kwake hakukumwokoa hata mmoja wa waliokuwa hekaluni.

Lakini anayebeba uzito wa swali hili kuliko Awn ni msimulizi mwenyewe, Breq. Yeye ndiye kiwiliwili cha mwisho cha meli Justice of Toren, kile kilichoitwa One Esk wa Kumi na Tisa, kilichonusurika meli ilipoangamizwa. Viwiliwili hivyo vilikuwa watu. Dola ya Radch ilipoteka sayari ilichukua baadhi ya wenyeji, ikafuta nafsi zao, ikaunganisha miili yao na akili mnemba ya meli. Zaidi ya hapo, Mtawala alikuwa amejiwekea kwa siri, ndani kabisa ya akili ya meli, njia za kuiamrisha bila meli kuweza kupinga wala kukumbuka. Kama kuna askari katika bunilizi yoyote anayeweza kusema kwa haki kwamba alikuwa chombo tu mikononi mwa mwingine, ni huyu. Na Breq hasemi. Anasimulia risasi iliyomuua Awn kama tendo lake, anatembea na kipini cha ukumbusho wa Awn kifuani, na kwa karibu miaka 20 anaisaka bunduki moja tu inayoweza kupenya deraya za Radch, ili amfikie aliyetoa amri.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu sheria za dunia yetu zimelihangaikia kwa miongo mingi. Sheria iliyounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda mwaka 1994, mahakama iliyoketi Arusha, ilisema katika ibara ya 6 kwamba kutenda kwa amri ya serikali au ya mkubwa hakumwondolei mtu hatia, ila kunaweza kuzingatiwa katika kumpunguzia adhabu. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, katika ibara ya 33, ulimwachia askari nafasi nyembamba ya kujitetea endapo hakujua kwamba amri ni haramu na uharamu wake haukuwa dhahiri, kisha ukaifunga nafasi hiyo kabisa kwa amri za mauaji ya kimbari na za uhalifu dhidi ya ubinadamu. Sheria, kwa maneno mengine, inakiri kwamba amri ina uzito, na inakataa kwamba uzito huo unaweza kumfuta mtendaji. Breq anajihukumu kwa ukali kuliko mahakama zote hizo. Haombi hata kupunguziwa.

Pamoja na kuzipenda riwaya hizi, nina malalamiko mawili juu ya namna zilivyopima. La kwanza linahusu Ime. Inakuja kujulikana kwamba kukataa kwa askari yule kuliiepusha Radch na balaa, kwa sababu viumbe aliokataa kuwaua walikuwa na nafasi katika mkataba wa amani na Presger, jamii ya sayari za mbali ambayo ingeweza kuwafuta wanadamu wote. Kwa hiyo aliyekataa amri aliiokoa dola iliyomuua. Simulizi inavutia, lakini inaharibu mizani. Heshima iliyokuja kuleta faida si kipimo kizuri cha heshima, kwa kuwa hata mchoyo angeichagua kama angejua mwisho wake. Linganisha na rubani wa Marekani Hugh Thompson, ambaye tarehe 16 Machi 1968, katika kijiji cha My Lai nchini Vietnam, alitua helikopta yake kati ya wanajeshi wenzake na wanakijiji waliokuwa wakiuawa, akawaambia wasaidizi wake wawafyatulie risasi Wamarekani iwapo wangeendelea kuua. Hakuokoa dola yoyote. Aliokoa watu wachache waliokuwa ndani ya handaki, akachukiwa na wengi nchini mwake, na medali aliyostahili kwa siku hiyo ilimfikia mwaka 1998, miaka 30 baadaye. Ningependa askari wa Ime angekuwa na mwisho wa namna hiyo, bila mkataba wa kumtetea.

La pili ni kubwa zaidi. Anaander Mianaai ana maelfu ya miili, na tangu alipoamuru kuangamizwa kwa watu wote wa Garsedd, miaka 1,000 kabla ya matukio ya riwaya, nafsi yake imepasuka. Sehemu moja inataka kuacha utekaji na utengenezaji wa viwiliwili, nyingine inataka dola ibaki ilivyokuwa. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa fahali ni mmoja anayejipiga pembe mwenyewe. Ubunifu huu ni wa hali ya juu, ila angalia unachofanya kwenye swali letu. Mtawala akiwa wawili, utii hauwezekani tena hata kwa anayeutaka, kwa kuwa kumtii mmoja ni kumwasi wa pili. Askari analazimika kutumia akili yake, na upande wa utii unashindwa bila kupigana. Ningetamani kuona Breq akimkabili mtawala mmoja, mwenye nia moja, anayetawala kwa haki siku tisa na kwa ukatili siku ya kumi, kwa sababu watawala wanaowasumbua askari wa kweli ni wa aina hiyo.

Riwaya ya pili na ya tatu zinajirekebisha kwa njia nisiyoitarajia. Breq anapewa cheo, meli iitwayo Mercy of Kalr, na wajibu wa kulinda mfumo wa nyota wa Athoek, na sehemu kubwa ya kurasa inakwenda kwenye mashamba ya chai, vibarua waliohamishwa kwa nguvu, na mabomba mabovu ya kituo. Baadhi ya wasomaji waliona ni kushuka. Mimi naona ni swali lilelile likiulizwa kwa mtoa amri. Aliyeumizwa na utii sasa anahitaji kutiiwa. Tazama anavyomtendea Luteni Tisarwat, kijana wa miaka 17 ambaye Mtawala amejipandikiza ndani yake kwa siri. Breq anaagiza vipandikizi vile viondolewe, na anayeamka baada ya hapo si Tisarwat wa zamani wala si Mtawala, ni mtu wa tatu ambaye hakuulizwa kama anataka kuwapo. Breq alikuwa na sababu nzuri. Hata Mtawala husema ana sababu nzuri. Tofauti pekee ninayoiona ni kwamba Breq hajifichi, na anabaki karibu na kijana huyo akibeba matokeo ya alichokifanya.

Huko Athoek anaishi pia Basnaaid, ndugu yake Awn, mtaalamu wa bustani za kituo. Breq anataka kumpa kila kitu, hata kumfanya mrithi wake, na Basnaaid anakataa. Fadhila nayo inaweza kuwa amri, na mwenye heshima yake anaweza kuikataa.

Katika riwaya ya mwisho anajitokeza Sphene, meli ya kale ya upande ulioshindwa zamani sana, ambayo kwa takriban miaka 3,000 imebaki mwaminifu kwa nahodha wake aliyekwisha kufa. Hakuna anayeiamuru na haina cha kupata. Katika riwaya zote tatu sijaona utetezi wa uaminifu wenye nguvu kuliko huu, na Leckie ameuweka katika kinywa kikali kisichojua kubembeleza. Chombo cha thamani kilichobaki kutoka kwa nahodha yule, seti ya vyombo vya chai, kimevunjwavunjwa. Mhudumu wa Breq, Kalr wa Tano, askari anayependa vyombo vya kaure kuliko anavyopenda kusema, anakaa na Sphene mezani, wakichambua vipande kimoja kimoja na kutafuta kipi kinaingia wapi. Hakuna aliyewapa amri hiyo, na vipande vingine ni vidogo kiasi kwamba vinashikwa kwa ncha za vidole.