Wabongo wenzangu wa Tanga, hebu tuongee kuhusu moto na hizi nondo zetu za madirishani

Jamani mwaka wa tisa huu niko Cape Town, na watu nyumbani wakisikia Sauzi wanajua ni magorofa tu, hawajaiona Khayelitsha, mabanda ya bati yamebanana, jiko la mafuta ya taa likipinduka kwa mmoja basi mtaa mzima unateketea. Tarehe 1 Januari 2013 iliungua sehemu inaitwa BM Section, maelfu wakabaki hawana pa kulala.

Sasa kuna vijana huku wakabuni kakifaa kanaitwa Lumkani, ndo Kixhosa cha kuwaambia watu wawe waangalifu. Nilichokipenda hakasikilizii moshi, maana anayepikia ndani moshi anao kila siku, kengele ingemkera mpaka aing'oe. Kenyewe kanapima joto linavyopanda ghafla, halafu kakilia kwako vya majirani ndani ya mita 60 navyo vinalia.

Hapo nikaikumbuka Ngamiani, kwetu Tanga mjini. Nyumba vyumba sita wapangaji sita, jiko la mkaa linaingizwa koridoni mvua ikinyesha, vyandarua kila kitanda. Ila sisi majirani tunao! Mtu akipiga yowe watu wametoka na ndoo na mchanga kabla hata hujamaliza kupiga 114 ya zimamoto, huku ninapokaa jirani yangu hata jina simjui. Shida yetu ni saa tisa usiku, wa kupiga yowe naye kalala.

Lakini kengele itakuamsha utokee wapi? Nilikuwa darasa la sita nyumba ya nyuma yetu ikashika moto koridoni, mama na wanawe wawili wako chumbani, dirisha lina nondo, tunawaona na hawatoki. Wanaume wakautoboa ule ukuta wa udongo kwa mtaimbo wakawatoa wazima. Siku hizi kuta ni za bloku jamani, mtaimbo utachukua muda gani?

Nondo tunaweka kwa ajili ya wezi, sawa, sisemi zitolewe. Fundi wa mageti akate kipande kimoja cha kupita mtu, akitie bawaba na komeo kwa ndani, azibe na kibati mwizi asipitishe mkono, na kusiwe na kufuli kabisa, funguo gani utaitafuta kwenye moshi. Nimeshamtumia mama hela, fundi anaanza na dirisha la chumba wanacholala wajukuu.