Toeni Hiyo Tepu Kwenye Ethi

Wiki iliyopita niliingia karakana moja ya mageti nikamkuta kijana anachomelea stenlesi kwa leza ya mkono ya wati 1,500. Koleo la ethi, lile la waya wa mashine, halikuwa kwenye kazi, yaani chuma kinachochomelewa. Lilikuwa limebanwa kwenye nozeli yenyewe, ile ncha ya bunduki ya leza, likazungushiwa tepu nyeusi. Nikamuuliza, mdogo wangu, hii nini? Akanijibu bila wasiwasi: "Kaka, ethi inachelewesha."

Hili limenikaa moyoni, maana si karakana ya kwanza kuliona.

Kwenye mashine ya umeme, ethi inarudisha mkondo, na fundi amezoea kuibana popote penye chuma. Kwenye leza ya mkono, ethi ni kufuli. Bunduki haitoi mwali mpaka nozeli iguse chuma kilichobanwa ethi. Ukiibana kwenye nozeli umeiongopea mashine kwamba imeshagusa kazi. Ukivuta kifyatulio itapiga popote ilipoelekea: ukutani, kwenye bati linalong'aa, usoni kwa msaidizi anayekushikia kipande.

Na mwali wenyewe huuoni. Leza hizi za mkono ni za faiba, na urefu wa wimbi la mwali wake ni nanometa kama 1,080, nje ya rangi ambazo jicho linazitambua. Ule mwanga mkali unaouona unatoka kwenye chuma kinachoyeyuka. Kwa kuwa huuoni, hufumbi. Lenzi ya jicho lako inaukusanya mwali huo kuwa nukta moja kwenye retina, na retina haina hisia ya maumivu. Mtu anaweza kumaliza kazi, akanawa, akala, ndipo agundue kuna doa katikati ya kila anachokitazama. Doa hilo linaweza kubaki maisha yote.

Kijana alikuwa na miwani, kweli, ya plastiki nyeupe isiyo na rangi. Aliitoa kwenye mashine ya leza ya CO2 wanayokatia mbao na akriliki. Kule inafaa, kwa sababu mwali wa CO2 ni wa nanometa 10,600 na plastiki ile inauzuia. Mwali wa faiba unapita humo kama dirishani. Miwani ya faiba lazima iwe imeandikwa nanometa inazozuia, 1,080 ikiwemo, pamoja na kiwango chake cha kuzuia. Kioo cheusi cha kuchomelea umeme nacho hakikutengenezwa kwa leza.

Nikiwa palepale, mwali ukaanza kulegea. Kijana akachomoa kidroo cha kioo cha kinga, kinachoilinda lenzi ya ndani ya bunduki, hatua mbili tu kutoka kwa mwenzake aliyekuwa anapiga grenda. Kioo kilikuwa na nukta nyeusi iliyoungua katikati, ndogo kuliko punje ya mtama. Akafuta kipya kwa fulana yake, akarudisha.

Hapo naumia zaidi, kwa sababu nilishawahi kulifanya kosa hilo mwenyewe, na kioo hakikumaliza nusu saa. Chembe moja ya vumbi inanyonya joto la mwali, kioo kinaungua, kinapasuka, na uchafu unahamia kwenye lenzi ya ndani ambayo bei yake haina mfano na ya kioo. Zima mashine. Simamisha grenda na feni. Futa bunduki kwa nje kwanza, vaa glavu safi, chomoa kidroo, na papo hapo ziba lile tundu kwa tepu safi. Hapo ndipo tepu ina kazi! Kikague kioo kipya kwa tochi ya pembeni kabla ya kukirudisha. Kompresa inayopuliza hewa kwenye bunduki nayo iwe na chujio, kwani mafuta na maji yake yanatua juu ya kioo hicho hicho.

Mabosi, mmetoa mamilioni kununua mashine. Miwani sahihi na boksi la vioo visiwe vya kubembelezana. Na mkienda kununua mashine, vaeni miwani wote, muuzaji aachie ethi, aelekeze bunduki kwenye tofali, avute kifyatulio. Ikiwaka, iacheni palepale dukani.