Kutenguliwa kimyakimya: adabu na ukali miongoni mwa wahariri wa Wikipedia

Wahariri wa Wikipedia wakizungumzia adabu, mara nyingi huzungumzia matusi: nani alimwita nani mjinga kwenye ukurasa wa majadiliano, na afungiwe siku ngapi. Matusi yapo, na yanastahili kukatazwa. Lakini sidhani kwamba ndiyo yanayofukuza watu wengi. Wengi huondoka bila kutukanwa na mtu yeyote.

Chukua mgeni aliyefungua akaunti leo. Amesoma makala ya mwanamuziki anayempenda, akaona haisemi lolote kuhusu miaka yake ya mwanzo, akakaa jioni nzima akiandika aya tatu. Anahifadhi. Baada ya dakika mbili anafungua tena ukurasa na aya hazipo. Akienda kwenye historia ya mabadiliko ya ukurasa anakuta jina asilolijua, tarakimu nyekundu yenye alama ya kutoa, −1,842, inayoonyesha ukubwa wa maandishi yaliyoondolewa, na maneno matatu: "Imetenguliwa, hakuna chanzo." Kwenye ukurasa wake wa majadiliano kumebandikwa kigezo, yaani ujumbe ulioandikwa tayari: karibu, tunashukuru kwa mchango wako, hata hivyo badiliko lako limeondolewa kwa kuwa halikufuata mwongozo, na chini yake kuna viungo vya kurasa sita za sera. Kila neno la kigezo hicho ni la heshima. Kimepigwa msasa na watu wengi kwa miaka mingi, na kinabandikwa kwa kubofya mara moja. Aliyekibandika huwezi kumshitaki kwa utovu wa adabu, na mgeni harudi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wikipedia humpa jembe siku ya kwanza, kisha humkemea kwa namna anavyolima.

Lakini ukae kidogo upande wa yule aliyetengua. Mbele yake kuna orodha ya mabadiliko ya karibuni, na haisimami. Huyu amefuta aya nzima na kuandika jina la mwanafunzi mwenzake. Yule amebandika tangazo la kampuni. Mwingine amemwua mtu aliye hai, kwa tarehe na mahali. Wikipedia ya Kiingereza tangu 2010 ina boti, yaani programu inayojiendesha yenyewe, iitwayo ClueBot NG inayotengua uharibifu ulio wazi, na wapigadoria, wahariri wanaokagua mabadiliko mapya, wana programu kama Huggle za kuwarahisishia kazi, lakini kinachobaki baada ya boti kupita ndicho kigumu zaidi: maneno yanayoonekana ya kweli ila hayana chanzo. Aya tatu za mwanamuziki zimo humo. Huenda ni za kweli tupu, huenda zimeandikwa na meneja wake, huenda ni za adui yake. Anayepiga doria halipwi, na hawezi kumwandikia kila mmoja barua.

Ukali huo haukuzuka tu. Mwaka 2005 mtu asiyejiandikisha aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler alihusishwa na mauaji ya ndugu wawili, John na Robert Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, nao ulikaa hapo kwa takriban miezi minne bila mtu kuuondoa. Desemba mwaka huohuo wasiojiandikisha wakazuiwa kuanzisha makala mpya katika toleo la Kiingereza, na baadaye sera ya wasifu wa watu walio hai ikakazwa: jambo lenye utata kumhusu mtu aliye hai, likikosa chanzo, huondolewa papo hapo, halingojei mjadala. Anayelalamika kwamba wapigadoria wana haraka ajiulize Seigenthaler angesema nini kuhusu upole wao.

Kwa hiyo pande zote mbili zina haki yao. Ugumu unaanza pale sheria zinapojaribu kuzipatanisha.

Sheria zenyewe ni nyingi, na nyingi zilizaliwa baada ya ugomvi. Wikipedia ilianza Januari 2001 ikiwa karibu haina sheria. Larry Sanger, mmoja wa waanzilishi wake wawili, ndiye aliyependekeza mapema kanuni inayosema kwamba sheria ikikuzuia kuboresha kamusi elezo, ipuuze. Zikafuata nyingine: mdhanie mwenzako kuwa na nia njema, usimng'ate mgeni, zungumzia maandishi na si mwandishi, usitengue zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24. Hiyo ya mara tatu mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu haimwulizi mtu ana moyo gani. Inahesabu. Ile ya kupuuza sheria ni nzuri kwa kusomwa, lakini huwa inamsaidia anayezijua zile nyingine zote. Mgeni akiitaja, huambiwa hajaielewa.

Je, upo ushahidi kwamba ukali unafukuza watu? Upo. Idadi ya watu wanaohariri mara kwa mara Wikipedia ya Kiingereza ilifika kilele 2007, zaidi ya 50,000, kisha ikashuka kwa miaka iliyofuata. Mwaka 2013 mtafiti Aaron Halfaker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kushuka huko. Waliona kwamba wageni wenye nia njema hawakupungua ubora. Kilichopanda ni uwezekano wa mchango wao kukataliwa, tena mara nyingi kwa zana za nusu-otomatiki, na aliyekataliwa mapema alielekea kuondoka. Mtetezi wa wapigadoria atajibu kwamba kufikia 2007 makala rahisi zilikuwa zimeshaandikwa, kilichosalia kilihitaji vyanzo na subira, na si kila mtu anayo. Ni kweli pia. Ila jibu hilo halielezi kwa nini watu walewale wenye mchango uleule walipokelewa vizuri mwaka mmoja na kurudishwa mlangoni mwaka mwingine.

Kisa cha Donna Strickland kinafaa kutazamwa kwa karibu, maana hakuna ndani yake hata mtu mmoja aliyekuwa mkorofi. Mwaka 2018 mtu aliwasilisha rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia huyu wa Canada. Mhakiki wa kujitolea akaikataa kwa maelezo ya kawaida: vyanzo vilivyotolewa havionyeshi kwamba mhusika anastahili makala. Oktoba mwaka huohuo Strickland akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na dunia ikagundua kwamba hakuwa na makala. Mhakiki alilaumiwa sana, na sehemu ya lawama hizo haikuwa haki. Alihukumu kilichokuwa mezani, na vyombo vya habari vilivyomcheka navyo vilikuwa havijamwandika mwanasayansi huyo. Hata hivyo Strickland alishawahi kuwa rais wa chama cha kitaaluma cha wanasayansi wa mwanga, jambo ambalo kwa masharti ya Wikipedia yenyewe kuhusu wanataaluma lina uzito mkubwa. Kigezo kilichobandikwa hakikuweza kuuliza, "Huyu hakuongoza chama fulani? Kuna chanzo huru kinachosema hivyo?" Mtu angeweza. Uamuzi ungebaki uleule siku hiyo, lakini aliyeleta rasimu angejua arudi na nini.

Hapo ndipo ninapoegemea. Simlaumu mpigadoria kwa kutengua, wala kwa kutengua upesi. Ninachodai ni sababu inayohusu badiliko hili, si mabadiliko kwa jumla. "Hakuna chanzo" ni sababu ya jumla. "Mwaka huu wa kuzaliwa unapingana na tanbihi ya kwanza, una chanzo kingine?" ni maneno machache tu zaidi, na mgeni anaweza kuyajibu. Najua gharama yake. Anayetengua mara mia kwa siku hataandika hivyo mara mia. Lakini nyingi kati ya mia hizo ni matusi na matangazo, ambayo hayadai maelezo. Zinazodai ni chache, na kuzitambua ndiyo kazi yenyewe.

Wakongwe wenyewe wanajua kwamba kigezo kinauma. Wikipedia ya Kiingereza ina insha mashuhuri inayoshauri usimbandikie mhariri wa siku nyingi kigezo cha onyo, umwandikie kwa maneno yako mwenyewe, kwa kuwa kigezo kitamuudhi. (Kuna insha nyingine inayoipinga, kama ilivyo kwa kila jambo kule.) Kinachoitwa ukosefu wa heshima kwa mkongwe kinaitwa utaratibu kwa mgeni.

Upendeleo huo unaonekana zaidi mkongwe mwenyewe anapokuwa ndiye mkorofi. Kila toleo kubwa lina wachache wa aina hii: ameandika mamia ya makala nzuri, anajua vyanzo kuliko yeyote, na akipingwa hutoa maneno ambayo mgeni angefungiwa kwayo siku hiyohiyo. Wanaomtetea wanasema kamusi elezo ipo kwa ajili ya wasomaji, na msomaji hajali nani alimnunia nani. Ukimwondoa, makala zake nani atazitunza? Hoja hiyo siidharau. Lakini hesabu yake ina kasoro: makala za mkongwe zinahesabika, zile ambazo wengine hawakuziandika kwa sababu yake hazionekani popote. Kumfungia mtu kama huyo huleta mjadala wa wiki nzima, na mara nyingi mkabidhi mwingine, yaani mhariri aliyepewa mamlaka ya kufungia na kufungulia watu, humfungulia kabla mjadala haujaisha.

Nani basi aamue? Wengi wangependa jumuiya yenyewe, na toleo la Kiingereza lina Kamati ya Usuluhishi inayoamua migogoro na inayochaguliwa na wahariri. Juni 2019 Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha tovuti, lilimfungia mkabidhi mmoja kwa mwaka mzima katika toleo hilo pekee, bila kuweka ushahidi hadharani. Kukawa na vurugu. Wakabidhi kadhaa walijiuzulu wakisema jumuiya imepokonywa mamlaka. Shirika nalo lilikuwa na hoja: anayelalamikia kusumbuliwa akilazimishwa kuanika ushahidi mbele ya wote, atasumbuliwa maradufu. Mwishowe suala likakabidhiwa Kamati ya Usuluhishi, iliyoondoa kifungo lakini ikaacha mhusika bila ukabidhi. Kwangu matokeo hayo yalikuwa ya busara kuliko njia iliyopitiwa kuyafikia. Februari 2021 ikatangazwa Kanuni ya Maadili inayopaswa kufuatwa katika matoleo ya lugha zote.

Walioipinga walisema ni ya watu wa mbali wasiojua mila za kila jumuiya. Ningekubaliana nao kama kujitawala kungefaulu daima. Katika Wikipedia ya Kikroeshia, kundi la wakabidhi lilishika usukani kwa miaka mingi, likapindisha historia upande wa utaifa mkali na kuwafungia waliopinga, sheria zilezile za adabu zikitumika kama rungu. Tathmini iliyochapishwa na shirika 2021 ililithibitisha hilo.

Upole nao una hatari zake, na matoleo ya lugha ndogo ndiyo yanayoumia kwanza. Agosti 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana mmoja Mmarekani asiyeijua lugha hiyo. Hakuwa tapeli; alianza akiwa mtoto, akidhani anasaidia. Kwa miaka kadhaa hakuzuiwa, kwa sababu kumdhania mtu nia njema ni rahisi sana pale asipokuwepo mwingine wa kukagua. Nia yake ilikuwa njema kweli, na madhara yakatokea vilevile. Kisha watu wasiowahi kuhariri hata neno moja katika toleo hilo wakamvamia kwa matusi. Kama mtu mmoja angemtengua mapema na kumwambia sababu, hayo yote yasingemfika.

Sasa kuna maandishi ya akili unde, na hapo mizani imeyumba upya. Zamani aya mbovu iliandikwa vibovu, ikajulikana. Leo inakuja na sarufi safi, na ukiihoji unajibiwa kwenye majadiliano kwa msamaha mrefu, wa unyenyekevu kupita kiasi, ambao nao umeandikwa na programu. Agosti 2025 Wikipedia ya Kiingereza iliruhusu kurasa za namna hiyo zifutwe haraka bila mjadala, kwa masharti: pawe na dalili za wazi, kama sentensi iliyokusudiwa mtumiaji wa programu badala ya msomaji, au tanbihi ya kitabu kisichokuwepo. Aliyetumia programu kisha akahakiki mwenyewe kila alichoandika, sharti hilo halimgusi. Na kujua kama kitabu kipo au hakipo, anayepiga doria bado hana budi kukitafuta kabla ya kubofya.