Shangazi Juu ya Difu

"Ni kifurushi kidogo tu, mwanangu. Na mimi mwenyewe." Maneno hayo shangazi aliyasema kwenye simu nikiwa Tunduma nasubiri karatasi za forodha, na mimi bila kufikiri nikaitikia, "Haya shangazi, nitakupitia hapo Uyole." Tajiri, mwenye gari, hataki abiria garini, na ana haki yake, maana bima ya gari la mzigo haimjui abiria. Lakini tajiri hakuwahi kunifulia sare za shule.

Nilikuwa natoka Copperbelt, Zambia, na shaba, tani 32, naipeleka bandarini Dar. Semi yetu ni ya ekseli 6, yaani mihimili sita ya magurudumu: moja ya mbele inayokata kona, mbili za difu, zile zinazosukuma gari, chini ya hosi, yaani kichwa kinachovuta tela, na tatu za tela huko nyuma. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaipa ya mbele tani 8, difu mbili kwa pamoja tani 18, na tatu za tela tani 24. Ukijumlisha unapata 50. Madereva wengi wageni hukariri hiyo 50 na kusahau zile tatu zilizoizaa. Mizani haisahau.

Mizani ya kwanza baada ya mpaka ilinisomea mbele 7,080, difu 17,960, tela 23,100. Yaani difu zimebakiwa na kilo 40. Aliyenipakia alisogeza shaba mbele kidogo kuliko inavyotakiwa, na shaba ni mzigo mfupi na mzito. Ukikosea kuipanga, hosi inabeba kosa hilo mpaka baharini. Mwenye akili akishaona amebakiwa na kilo 40, hanunui njiani hata tikiti maji.

Mimi nilifika Mbeya nikajaza dizeli lita 500. Lita moja ina kilo 0.84 hivi, kwa hiyo hapo nilipakia kilo 420 nyingine, na matangi yamening'inia katikati ya ekseli ya mbele na difu, kila upande unachukua karibu nusu. Nikajifariji kwamba nitayachoma njiani. Gari likiwa na mzigo linakula lita 1 kwa kilomita 2, na mizani inayofuata iko kilomita mia na hamsini hivi. Fanya hesabu mwenyewe. Mimi niliifanya nikiwa nimeshachelewa.

Uyole nikamkuta shangazi amekaa kwenye kigoda, mkoba mapajani. Nyuma yake magunia manne ya viazi yamejipanga kama wazee wa baraza, kila moja na kilemba chake cha wavu kilichoshonewa juu. Pembeni mikungu minane ya ndizi za Tukuyu na magunia mawili ya mchele.

"Shikamoo, shangazi. Kifurushi kiko wapi?"

"Marahaba. Kwani macho yako yana nini?"

Binti yake alikuwa amejifungua, yuko Mbagala, na wageni watakuja kumwona mtoto. Nikauliza mtoto ana siku ngapi. Nane. Viazi vyote vile kwa ajili ya mtu ambaye hajaota jino.

Nikajiambia gunia ni kilo 100, kwa sababu sheria ya vipimo ndiyo inavyotaka, gunia lisizidi hapo. Utingo wangu, kijana mwenye mgongo wa chuma, alilikumbatia la kwanza akalinyanyua nusu, akalirudisha chini na kunitazama. "Bro, hii ni lumbesa. Gunia limejazwa kupita kiasi." Ningemsikiliza mtoto wa watu.

Kuviweka ndani ya tela haiwezekani. Turubai limepitishwa waya pande zote na mwisho wake una lakiri ya forodha; ukiikata hiyo, kesi yake huimalizi leo. Tukabaki na kizimba kilichoko kwenye paji la uso la tela, tunakowekea kamba, minyororo na spea mbili. Tukapanga viazi, mchele, ndizi, tukakaza kamba, tukapendeza.

Hapo ndipo mtu anapolipa ujinga wake. Tela linakalia hosi kwenye kingi pini, ile pini ya chini yake inayoliunganisha na hosi, na kizimba kiko mbele ya hiyo kingi pini. Ni kama mbembea: ukimpakia mtoto kwenye ncha ya huku, ya kule inapanda. Kilo 100 ukiziweka pale, kingi pini inahisi zaidi ya kilo 100, nyingi zinaangukia difu, na ekseli za tela zinapumua kidogo. Katika semi nzima hakuna mahali pabaya kuliko pale pa kuweka viazi.

Safari ilikwenda vizuri. Shangazi alipanda kwa ngazi tatu na dua mbili, akaketi, akatazama barabara kutoka juu kule na kusema sasa ameelewa kwa nini huwa simpigii simu. Chimala tulinunua maji. Igawa aliniuliza kama gari lina ugonjwa, mbona mabasi yote yanatupita.

Kwenye mizani mwendo ni wa kinyonga. Unapanda pole pole, unasimama bila kukanyaga breki kwa fujo ili mzigo usiyumbe, na unatulia hadi namba zitulie. Nilifanya hivyo vyote, nikatulia, nikatabasamu. Namba zikatoka: mbele 7,420, difu 19,080, tela 23,040.

"Dereva, difu umezidi kilo 1,080."

"Mkuu, jumla ni 49,540. Hamsini sijafika!"

"Hukuulizwa jumla." Akanionyesha kwa kalamu, kundi moja moja, kama mwalimu wa darasa la tatu. Kila kundi la ekseli lina kikomo chake, na langu moja limezidi, kwa hiyo gari haliondoki mpaka nipange upya au nishushe. Akaongeza kwamba mbele yangu kuna Kitonga. Ule mteremko unataka uchague gia ndogo ungali juu, breki ya egzosi ifanye kazi, na mguu ubaki kwa akiba. Difu ikiwa na tani nzima ya ziada, mguu hautabaki kwa akiba, na breki zikishapata moto hazishiki. "Unataka kushuka Kitonga na viazi vya kuchemsha?"

Nikarudi garini. Nilikuwa nimeshaamua nianze na kilicho rahisi.

"Shangazi, naomba ushuke kidogo."

"Nishuke niende wapi?"

"Gari limezidi uzito."

Kimya. Utingo alijifanya anatafuta spana chini ya kiti.

"Yaani," akasema shangazi taratibu, akihesabu kila neno, "gari lenye matairi ishirini na mbili, limebeba shaba ya Wazambia, na anayelilemea ni mimi?"

Sikujua kwamba alikuwa ameshayahesabu matairi. Alishuka, ngazi tatu bila dua hata moja, akasimama mbele ya yule ofisa na mkoba wake kwapani. "Mwanangu, mimi ndiye niliyezidi?"

Ofisa alichungulia karatasi. Nitamshukuru mpaka kufa. "Hapana, mama. Cabin ya gari hili iko juu ya ekseli ya mbele, na mbele bado ana kilo 580. Wewe ungebaki tu. Kilichozidi ni mizigo aliyoiweka huyu hapo nyuma yako."

Shangazi alinigeukia. Sitaandika alichosema.

Lakini maneno ya ofisa yalikuwa na dawa ndani yake. Kama mbele kuna nafasi, basi mchele na ndizi viingie mbele. Hosi nyingine zina sahani ya kuunganishia tela inayosogezwa. Unaisukuma mbele matundu mawili matatu, na uzito unahamia kwenye ekseli ya mbele. Ya kwetu imefungwa kwa bolti, ikabidi sahani iwe mimi na utingo. Magunia ya mchele tukayalaza kitandani. Mikungu minane ikaingia nyuma ya viti, miwili ikatokeza katikati kama abiria wanaosikiliza mazungumzo. Viazi vyote vikashushwa chini.

Tukapima tena. Difu 18,180. Bado kilo 180.

Nilikaa kwenye bampa nikatazama gari langu. Mafuta siwezi kumwaga. Shaba siwezi kugusa. Ndipo macho yakaenda kwenye zile spea. Kila moja na ringi yake ni kilo 100 na ushei, na mahali pake halali ni chini ya tela, kwenye kibebeo chenye mnyororo wa kupandishia, karibu na ekseli za nyuma. Ziko kizimbani kwa sababu kuzipandisha kule chini ni kazi, na miezi minne iliyopita mimi na utingo tulikuwa tumechoka siku hiyo. Tulizishusha, tukazibingirisha, tukalala chali kwenye vumbi tukizungusha mnyororo ulioshika kutu, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa wazo la miezi minne.

Tulipotoka chini ya tela tulikuta soko.

Shangazi alikuwa amefumua lumbesa ya kwanza, ameazima debe kwa mama ntilie wa pale, na madereva waliokuwa kwenye foleni wamepanga mstari ulionyooka kuliko ule wa mizani. Gunia moja lilitoa madebe saba. Kilo 20 kila debe, kilo 140. Basi ndiyo maana! Nilipojaribu kumweleza kwamba muuzaji wake amemshonea gunia la kinyume cha sheria, alinijibu kwamba yeye amelinunua kwa bei ya gunia na analiuza kwa bei ya debe, kwa hiyo anayenung'unika ni nani hasa? Utingo wa gari jirani alinunua madebe mawili akayatia kwenye boksi lao la jiko. Mama ntilie alichukua gunia zima.

Tozo ya kuzidisha ilikuwepo pia. Kiasi gani, hiyo ni siri ya mimi na tajiri, na tajiri bado hajaijua.

Mara ya tatu tulipanda mizani jua limeshaegemea milimani. Utingo amelala juu ya mchele, mkungu mmoja unanipapasa sikio, shangazi bado yuko chini anafunga hesabu. Nikasimama, nikatulia. Mbele 7,700. Difu 17,980.

"Haya, dereva, nenda," akasema ofisa.

Shangazi akaja mlangoni, kanga ya kiunoni imefura noti. "Wamesemaje?"

"Tumepita, shangazi. Panda twende."

"Umebakiwa na ngapi?"

"Kwenye difu? Kilo 20."

Akageuka, akampungia mkono mama ntilie. "Lile debe la mwisho usiliuze! Lilete, linaenea."