Duka la Kanda za Video Halikuuawa na Netflix

Wiki iliyopita tulikusanywa kazini kumsikiliza mtaalamu wa mabadiliko. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Slaidi ya tatu tu, ikatokea ile nembo ya bluu na njano yenye umbo la tiketi iliyochanwa, na bwana akashusha sauti kama anayesoma tanzia. Mwaka 2000, akasema, Netflix waliwaendea Blockbuster, wale wa maduka makubwa ya kukodisha kanda za video Marekani, wakawaambia tununueni kwa dola milioni 50. Wakakataa. Akanyamaza, akatutazama mmoja baada ya mwingine, ukumbi ukaguna. "Ndugu zangu, msiwe Blockbuster."

Hadithi hiyo nimeshaisikia si chini ya mara kumi. Kila anayeuza semina anatembea nayo mfukoni. Safari hii ilinikera hadi makofi yakanishinda kupiga, na aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama naumwa.

Sisemi ni uongo. Ombi lilitolewa na lilikataliwa. Ila Netflix ya mwaka 2000 ilikuwa kampuni ya bahasha: unachagua, wanakutumia DVD kwa posta, ukimaliza unairudisha kwa posta. Kutiririsha picha kwenye intaneti walianza 2007. Na hao Blockbuster wanaosimuliwa kama wazee waliolala usingizi walifungua huduma yao ya posta mwaka 2004, na 2006 wakamruhusu mteja aliyeletewa diski kwa posta aibadilishe dukani apewe nyingine bure. Netflix walitokwa jasho. Kilichofuata ni wenye hisa na wakubwa wa kampuni kushikana mashati. Mkuu aliyeanzisha mpango ule akaondoka 2007, aliyemrithi akaukaba koo. Hapo usisahau deni la karibu dola bilioni moja ambalo kampuni ilibebeshwa Viacom, kampuni mama yake, ilipojitenga nayo mwaka 2004. Ilipotangaza kufilisika 2010, kifo chake kilikuwa na sababu tano au sita. Lakini deni halipendezi kwenye slaidi.

Haya, hayo ni ya wahasibu. Kinachoniuma ni kwamba kila mwaka tunaitwa kulia kwenye kaburi ambalo marehemu wetu hayumo. Duka ninalolikumbuka mimi halikuwa la bluu na njano.

Lilikuwa chumba kimoja. Rafu hadi darini, majalada matupu mbele, kanda zenyewe nyuma ya kaunta, na mwenye duka katikati kama kadhi. Alipanga picha kwa akili yake mwenyewe. Hakukuwa na "mapigano" wala "mapenzi". Kulikuwa na rafu ya "Usiangalie Peke Yako", rafu ya "Inachelewa Kuanza, Vumilia", na ile iliyoharibu starehe ya watu wengi, "Staringi Anakufa". Ukimwambia kwamba kwa kibao kile amekwisha kutueleza mwisho wa picha arobaini, anakujibu: "Kama raha yako yote iko kwenye kujua nani anakufa, soma magazeti."

Nilimchukia nikimpenda. Ukirudisha kanda bila kuirudisha mwanzo, hakutozi kitu. Anaichomeka kwenye kile kimashine chake na kukusimamisha pale kaunta hadi imalize kuzunguka, mbele ya foleni. Dakika tatu za aibu. Sikurudia.

Siku moja nikakodi picha ya upelelezi. Dakika kumi kabla ya mwisho, muuaji anakaribia kutajwa, skrini ikatetemeka, ikaingia mistari, halafu ikatokea mechi ya mpira. Mtu alikuwa ameziba kwa selotepu kile kitundu cha nyuma kinachozuia kanda isirekodiwe, akarekodi juu yake. (Mechi nayo niliitazama hadi kipenga. Sare.) Kesho yake nikarudi nimefura kama kiboko. Mwenye duka akaichomeka kwenye deki yake, akatazama, akaizima, kisha akatoka nyuma ya kaunta akaniigizia dakika zote kumi: mpelelezi yeye, muuaji yeye, mlango yeye. Wateja waliokuwamo wakapiga makofi. Miaka mingi baadaye niliipata picha ile nikauona mwisho wenyewe. Wake ulikuwa bora.

Biashara yenyewe ilianza kwa ujeuri kama huo. Mwaka 1977 kampuni ya Magnetic Video ilianza kuuza kwa kanda picha 50 ilizopewa kibali na 20th Century Fox. Ziliuzwa watu wazinunue. George Atkinson wa Los Angeles akazinunua akafungua mlango: uanachama dola 50 kwa mwaka au 100 kwa maisha, na kukodi picha dola 10 kwa siku. Wenye studio walikasirika, lakini sheria ya Marekani ilikuwa upande wake. Kanda ukishaniuzia ni yangu, nikitaka kuikodisha naikodisha. Mwaka 1982 Jack Valenti, msemaji wao mkuu, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani akaifananisha deki na muuaji maarufu wa wanawake. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu ikaamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kujirekodia kipindi nyumbani ukitazame baadaye si kosa. Na kabla muongo haujaisha, yule yule "muuaji" alikuwa akiwaingizia wenye studio pesa nyingi kuliko majumba ya sinema. Sijasikia kama kuna aliyeomba radhi.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo watu wa semina hawaligusi, nami nitalishikilia hadi unichoke.

Kwa miaka mingi, duka Marekani lilinunua kanda ya picha mpya kwa takriban dola 65. Kuikodisha ilikuwa kama dola 3. Piga hesabu: kanda hiyo lazima itoke mlangoni mara 22 kabla mwenye duka hajaona faida hata ya senti. Kwa hiyo mwenye duka dogo ananunua mbili, akiwa jasiri tatu. Ijumaa jioni picha inayosemwa na kila mtu imekwenda. Unasimama pale mikono mitupu, na hapo ndipo kazi yake inapoanza. "Hiyo imetoka. Lakini umewahi kuiona hii?" Nusu ya picha nilizozipenda maishani nilizipata kwa kukosa nyingine. Walionifundisha kutazama ni uhaba na yule mzee mkorofi, na kati ya hao wawili hakuna aliyejua kwamba ananifundisha.

Mwaka 1998 Blockbuster wakakubaliana na studio kubwa: badala ya dola 65, tunalipa kama 8 kwa kila kanda, halafu kila inapokodishwa mnapata fungu lenu. Kwa mtu wa hesabu ni jambo la akili sana. Lina makala zake za kitaaluma, wanafunzi wa biashara wanalisoma darasani. Ghafla duka kubwa likaweza kujaza ukuta mzima na kopi za picha ile ile moja, na kukuhakikishia kwamba utaikuta. Ukuta mzima! Umewahi kuusimamia? Nyuso sitini za staringi mmoja zinakutazama. Mwenye duka dogo aliyekuwa akilipa 65 angeshindana na nini? Wenye maduka madogo walikwenda mahakamani kudai kwamba walinyimwa bei kama hiyo. Mwaka 2002 jaji akaitupa kesi yao.

Pengine kisheria alikuwa sahihi, sibishani na majaji. Najua tu kwamba ukuta ule ulifanya kazi ambayo baadaye tuliisingizia intaneti. Uliondoa ile "hiyo imetoka". Ukishakuwa na uhakika wa kupata kile ulichokijia, humhitaji mtu wa kaunta. Usipomhitaji mtu wa kaunta, unamweka yeyote, umlipe kidogo, umvishe fulana. Picha za zamani zinazokodishwa mara mbili kwa mwaka zinaanza kuonekana zinakula nafasi, zinauzwa kwa bei ya kutupa kwenye kikapu mlangoni. Duka linabaki pana kama uwanja, na kina chake ni cha sahani. Haya yalitokea wakati Netflix bado inalamba stempu.

Na msidhani nilikuwa upande wa mashujaa. Lilipofunguka duka kubwa moja, sitalitaja, nilihamia kama wenzangu. Ijumaa nimechoka, nataka picha mpya, sitaki kuhojiwa. Nilikuwa nikipita nje ya duka la yule mzee nikiwa nimeficha mfuko ndani ya koti. Aliniona. Nina hakika aliniona, maana alikuwa hapepesi macho. Alipofunga, mlangoni aliacha karatasi yenye maneno mawili: "Zimetoka zote."

Faini ndizo zilizonirudisha akili. Kwenye lile duka kubwa nililipa za kutosha kununua deki mpya. Sikuwa peke yangu: mwaka 2000 Blockbuster walikusanya karibu dola milioni 800 za ucheleweshaji pekee. Mwaka 2005 wakatangaza kwa tarumbeta kwamba faini zimekwisha. Ukichelewesha zaidi ya wiki hutozwi faini, la hasha, unauziwa picha hiyo kwa bei yake kamili. Majimbo zaidi ya 40 yakawashikia koo kwa tangazo lile. Mtaalamu wetu wa mabadiliko hakufika hapo.

Nikiwa mkweli, nakubali kwa shingo upande: picha ya kanda zile za VHS ilikuwa chafu. Kanda iliyokodishwa sana ilionekana kama imeoshwa na dobi. Deki ilikuwa na tabia ya kumeza utepe, ukabaki unabonyeza kile kidude cha pembeni kufungua mfuniko na kuuzungusha kwa kidole ukimwomba Mungu. Na aliyeishi mbali na duka, au asiyeweza kutembea, leo ana picha nyingi kuliko mfalme yeyote wa zamani. Sawa. Nimekubali, tusonge.

Jambo moja dogo tu kabla sijasahau. Mwaka 1987 gazeti moja la Washington lilichapisha orodha ya kanda alizokodi Robert Bork, aliyekuwa ameteuliwa kuingia Mahakama ya Juu. Zilikuwa picha za kawaida kabisa, lakini wanasiasa waliingiwa na baridi, nadhani kila mmoja akikumbuka orodha yake. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kulinda siri ya anachokodi mtu. Leo programu kwenye simu yangu inajua nililala dakika ya ngapi.

Na ukurasa wake wa mbele ni ukuta ule ule. Ufungue. Ile picha mpya iko juu kabisa, iko tena chini kwenye "zinazovuma", iko tena chini yake kwenye "tumekuchagulia", na jalada limebadilishwa rangi ili usishtuke. Wanatuambia yamo maelfu. Yamo, yamejificha, na mwezi ujao baadhi yatakuwa yameondoka bila kuaga, maana mkataba wa mtu na mtu umekwisha. Kanda ya yule mzee ilikuwa yake. Hakuna aliyeweza kuja usiku kuitoa rafuni.

Waliobaki wapo. Blockbuster ya mwisho duniani iko Bend, Oregon, tangu ile ya Australia ilipofungwa 2019, na watu husafiri kwenda kupiga picha na kibao chake. Heri yao. Mimi ningepewa nauli ningekwenda Seattle, kwa Scarecrow Video, ambao tangu 2014 ni shirika lisilo la faida na wana picha zaidi ya 140,000, zikiwamo ambazo hazikuwahi kuvuka kutoka kwenye kanda kwenda popote pengine. Laki moja na elfu arobaini. Ningeomba nioneshwe rafu ambayo staringi anakufa.

Kipindi cha maswali kilipofika pale semina, nilinyoosha mkono nikaanza na mwaka 1998. Bwana akatabasamu, akasema tutalizungumza nje. Nje akapanda gari.

Jioni ile nikafungua programu nikaandika jina la picha moja ya zamani. Ikanijibu kwamba haipo, ikanionesha sita "zinazofanana", na ya kwanza ilikuwa ile ya ukutani. Picha hiyo hiyo niliwahi kumuulizia yule mzee. Hakuwa nayo. Alivuta daftari lake lenye jalada lililokatika, akalamba kidole, akaandika jina la picha, na chini yake jina langu, kwa herufi kubwa. Ikapita miezi minne, nikasahau kabisa. Siku moja napita upande wa pili wa barabara, nikasikia mluzi. Alikuwa amesimama mlangoni, ameinua kanda juu ya kichwa kama refa mwenye kadi.