Stesheni ya zamani ya Voi ipewe kazi, isipakwe rangi tu

Siku hizi mtu akikwambia mkutane stesheni hapa Voi, anamaanisha ile ya SGR, reli mpya ya kisasa, ya kuendea kwa bodaboda. Treni ya abiria ya reli nyembamba, ile iliyokuwa ikikesha njiani kati ya Mombasa na Nairobi, ilikoma mwaka 2017, na stesheni ya zamani ikabaki bila wasafiri.

Hofu yangu si mchwa wala mvua. Ni kiwanja. Ardhi ya reli iliyo mjini na haina shughuli, sote tunajua huishia wapi: mabati huzungushwa usiku, asubuhi kuna kibao cha "mali ya kibinafsi".

Watu wakitetea stesheni hii huanza na simba. Ni kweli, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imeshapita Voi simba walipoanza kuwala vibarua pale Tsavo mwaka 1898. Lakini simba wale wameshatangazwa vya kutosha. Kinachoipa Voi uzito wake ni tawi la reli la kwenda Taveta. Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika waliiteka Taveta, na mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandaza reli kutoka hapa kuelekea magharibi, kupitia Maktau, ili wapeleke askari na shehena zao. Februari 1916 walishindwa vibaya kwenye kilima cha Salaita. Mwezi uliofuata wakapigana kwenye vilima vya Latema na Reata, wakasonga mbele. Reli nayo ikafuata hadi Kahe, ikaungana na ile ya Tanga na Moshi. Kwa hiyo mji wetu huu mdogo ulikuwa njiapanda ya nchi mbili, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na kila mmoja akabaki na mabehewa yake.

Makaburi ya vita hapa Voi yana mawe yenye majina. Wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha Waafrika waliowabebea Waingereza mizigo ya vita), waliokufa zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi, wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Kama kuna mahali pa kuwakumbuka, ni kwenye stesheni ambako safari ya kwenda vitani ilianzia.

Nasikia kuna wanaopenda wazo la mkahawa: picha za garimoshi ukutani, kahawa ya bei ambayo mwalimu wa Voi hawezi kulipa. Sina ugomvi na kahawa, ila chumba kimoja kinawatosha. Vingine viachiwe watoto wa shule waoneshwe reli inavyofanya kazi. Mtoto asimame dirishani pa tiketi, mwenzake awe stesheni masta wa Maungu, waulizane kama njia ni wazi kabla ya kumruhusu dereva, maana reli ni moja na treni mbili zikikutana hakuna pa kupishana ila stesheni. Ukilielewa hilo umeelewa kwa nini stesheni zilijengwa hata porini kusiko na abiria. Kwa sasa mtoto wa Taita akitaka kuona mambo ya reli apelekwe makumbusho ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Yana vitu vizuri, likiwemo behewa ambamo Ryall, ofisa wa polisi, alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900. (Simba tena! Hawaepukiki.)

Na msiniambie reli nyembamba imekufa. Nanyuki ilikaa miaka bila treni ya abiria, tukaambiwa haiwezekani. Desemba 2020 ikarudi, baada ya wanajeshi na vijana wa huduma ya taifa (NYS) kushirikiana na watu wa reli kuifufua njia. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya Kisumu. Treni moja ya wikendi kati ya Mombasa na Voi, yenye kusimama Mazeras, Mariakani, Samburu na Mackinnon Road, ingeilinda stesheni hii kuliko askari yeyote wa zamu.

Lakini treni itachukua muda, na wanaomezea mate kiwanja hawasubiri. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa turathi ya kitaifa inayolindwa (national monument) katika gazeti rasmi la serikali. Kaunti ya Taita Taveta ipeleke ombi hilo sasa, na ombi litaje kiwanja chote: jengo, jukwaa, njia za pembeni na nyumba za wafanyakazi. Likitajwa jengo peke yake, tutaachiwa jengo peke yake, limebanwa katikati ya maghorofa ya kupangisha.